Kwa nini kompresa za kiwanda zahitaji kiongozi mmoja

KILA bili ya umeme inapopanda, wenye viwanda huinyoshea kidole kampuni ya Kenya Power, na Kenya Power nayo huitazama serikali. Malalamiko hayo yana msingi, kwani umeme wa viwandani hapa nchini kwa muda mrefu umekuwa ghali kuliko ule wa baadhi ya mataifa tunayoshindana nayo kibiashara. Hata hivyo, ipo sehemu ya bili ambayo haiandikwi Nairobi. Huandikwa katika chumba kidogo chenye joto na makelele nyuma ya kiwanda, ambamo mashine za kushindilia hewa, maarufu kama kompresa, huguruma mchana kutwa na usiku kucha.

Wakazi wa Kitale na Bungoma wanazifahamu kompresa ndogo. Ndizo zinazojaza upepo kwenye magurudumu ya matatu na bodaboda, na ndizo zinazopuliza rangi katika gereji za jua kali. Atakayesimama karibu na mojawapo kwa muda atagundua jambo: mashine hujiwasha hata pale ambapo hapana mteja. Hewa inavuja mahali fulani kwenye mpira au kwenye kiungo, tangi linapungua, mota inaamka. Fundi ameizoea sauti ile kiasi kwamba haisikii tena.

Sasa ikuze picha hiyo. Badala ya mashine moja ya gereji, weka nne au tano, kila moja ikiwa na mota ya kilowati 75, zote zikisukuma hewa katika bomba moja linalozunguka kiwanda kizima. Hewa hiyo ndiyo hufungua na kufunga vali katika kiwanda cha maziwa. Ndiyo inayoendesha vifaa vya kudhibiti mitambo katika kiwanda cha sukari, na ndiyo inayopuliza punje mbovu nje ya foleni katika mashine za kisasa za kuchambua mahindi na mbegu kwa rangi. Mji wa Kitale, uliokuwa makao ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya tangu 1956 na wenye kiwanda cha maziwa cha New KCC, na kaunti jirani ya Bungoma yenye kiwanda cha sukari cha Nzoia, ni maeneo ambayo uchumi wake hupitia katika mitambo ya aina hii kabla ya shilingi kumfikia mkulima.

Ni vyema ieleweke kwamba hewa iliyoshindiliwa ni miongoni mwa aina ghali mno za nguvu zinazotumika kiwandani. Kati ya umeme wote unaoingia katika kompresa, ni takriban asilimia 10 hadi 15 tu ambao hatimaye hufanya kazi inayokusudiwa. Sehemu kubwa ya unaosalia hugeuka joto. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Muungano wa Ulaya na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mifumo ya hewa ilikuwa ikitumia karibu asilimia 10 ya umeme wote wa viwandani huko, na kwamba karibu thuluthi moja ya umeme huo ingeweza kuokolewa kwa njia zinazojilipia. Ikiwa Wajerumani na Waitaliano walikuwa wakipoteza kiasi hicho, hapana sababu ya kudhani kwamba Webuye au Kitale kuna nafuu.

Lakini hewa kuwa ghali ni nusu tu ya kadhia hii. Nusu ya pili ni kwamba kompresa zilizo katika chumba kimoja mara nyingi hazina habari zenyewe kwa zenyewe.

Kila mashine huja na kidhibiti chake. Hupima shinikizo la hewa pale ilipo, na hupangiwa vipimo viwili: likishuka hadi hapa, anza kusukuma, likipanda hadi pale, acha. Kwa mashine moja mpango huo watosha. Kwa mashine nne, fujo huanza. Zikipangiwa vipimo sawa, shinikizo linaposhuka zote hukurupuka pamoja, likipanda zote huacha pamoja, na baada ya sekunde chache mchezo huanza upya. Ili kukwepa hayo, mafundi wa zamani walibuni mtindo wa ngazi: ya kwanza ianze kwa bari 6.5, ya pili kwa 6.2, ya tatu kwa 5.9, na kadhalika. Mtindo huo hufanya kazi, ila una gharama. Ili ngazi ya chini kabisa isishuke chini ya kiwango ambacho mitambo yahitaji, ngazi ya juu lazima ipandishwe. Kiwanda kinachohitaji bari 6 hujikuta kikiendesha mfumo wake kwa bari 7 au 8 kwa saa nyingi za siku. Na kila bari moja ya ziada huongeza takriban asilimia 6 hadi 7 ya umeme unaotumiwa na kompresa.

Juu ya hilo, kompresa ya skrubu inapofikia kipimo chake cha juu haizimiki papo hapo. Mota yake huendelea kuzunguka bila mzigo ikisubiri kuitwa tena, kwa kuwa kuiwasha na kuizima mara kwa mara kungeiunguza. Katika kusubiri huko hutumia kati ya robo moja na asilimia 40 ya umeme ambao ingetumia ikifanya kazi kamili. Yaani kiwanda humlipa mfanyakazi thuluthi ya mshahara akae kwenye benchi, na benchi lenyewe lina watu wawili au watatu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Kiwanda kina kompresa nne za kilowati 75, na mahitaji yake ya hewa kwa wastani ni asilimia 60 ya uwezo wa zote. Zikiachwa zigawane kazi kiholela, kila moja husukuma hewa kwa asilimia 60 ya muda na kuzunguka bure muda unaosalia. Tukichukulia kwamba mzunguko wa bure hula asilimia 30 ya umeme wa kazi kamili, jumla yake ni kilowati 216. Sasa weka kidhibiti kikuu kimoja kinachozisimamia zote. Mbili zitafanya kazi mfululizo, ya tatu itajaza pengo kwa kuingia na kutoka, na ya nne itazimwa kabisa. Matumizi hushuka hadi karibu kilowati 194. Na kwa kuwa ngazi hazihitajiki tena, shinikizo la mfumo laweza kuteremshwa kwa bari moja, na hapo tunafika kilowati 180 hivi. Tofauti ni kilowati 36. Kwa saa 6,000 za kazi kwa mwaka ni uniti 216,000. Na hata tukihesabu shilingi 15 tu kwa uniti, hizo ni zaidi ya shilingi milioni tatu kila mwaka. Hapajanunuliwa kompresa mpya, wala hapajazibwa tundu hata moja.

Kidhibiti kikuu chenyewe si mtambo wa ajabu. Ni kompyuta ndogo ya viwandani iliyounganishwa kwa waya na kila kompresa, pamoja na kihisio kimoja cha shinikizo. Husoma shinikizo la mfumo mzima, hutazama linapanda au kushuka kwa kasi gani, kisha huamua ni mashine ipi iingie na ipi ipumzike. Badala ya ngazi inayotanuka kwa bari moja na nusu au mbili, mfumo mzima huweza kuchezea ndani ya nusu bari au chini ya hapo.

Mahali pa kukiweka kihisio hicho pana umuhimu kuliko inavyodhaniwa. Kikiwekwa kwenye mdomo wa kompresa, kabla ya kikaushio na vichujio, kitapima hewa ambayo kiwanda hakijaipata. Kichujio kikiziba kwa vumbi, kihisio hakitajua, ilhali huko mbele vali zinakosa nguvu. Pahali pake ni baada ya vikaushio, karibu na tangi kuu linalolisha kiwanda. Na tangi nalo liwe kubwa ya kutosha. Ni ghala linalompa kidhibiti muda wa kufikiri. Mfumo wenye tangi dogo hukilazimisha kuwasha mashine kwa kila kishindo.

Zipo pia kompresa zinazobadilisha kasi ya mota kulingana na mahitaji. Wauzaji huzisifu sana, na kwa haki, kwani moja ya aina hiyo katika kundi yafaa mno kujaza pengo ambalo mashine za kasi moja haziwezi kulijaza bila kuzunguka bure. Lakini kununua mashine zote za aina hiyo ni kutupa pesa, kwa kuwa inapofanya kazi kwa uwezo wake wote hutumia umeme zaidi kidogo kuliko ile ya kawaida. Tena ukubwa wake upimwe. Ikiwa inayobadilisha kasi ni ndogo kuliko zile ambazo yapaswa kujaza mapengo yao, patakuwa na viwango vya matumizi ambavyo haiwezi kuvifikia, na ile kubwa ya kasi moja itarudia mchezo wake wa kuingia na kutoka. Makosa haya hutokea pale mashine inaponunuliwa kwa kutazama bei pekee.

Jambo jingine ambalo eneo hili halina budi kulizingatia ni mwinuko. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma mita 1,400 hivi. Hewa ya Kitale ni nyepesi: shinikizo lake la kawaida ni karibu asilimia 80 ya lile la Mombasa. Kompresa hufyonza ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo hewa yenyewe ni pungufu, hivyo mashine iliyoandikwa uwezo fulani kwa vipimo vya pwani au vya Ulaya hutoa takriban moja ya tano pungufu inapofungwa Kitale. Huko Bungoma upungufu ni kama asilimia 15. Meneja ambaye hakuelezwa haya huona shinikizo halitoshi, naye huagiza mashine ya ziada. Baada ya miaka michache chumba kina kompresa tano za majina na umri tofauti, mojawapo ikiwa imenunuliwa kwa haraka msimu ambao mitambo ilikwama. Katika vyumba vya namna hiyo ndimo ukosefu wa uratibu unapouma zaidi.

Misimu nayo ina neno. Trans Nzoia hupanda mahindi Machi na Aprili na kuvuna kuanzia Oktoba, kwa hiyo kazi ya kukausha, kuchambua na kufungasha mbegu na nafaka hufurika miezi michache na kupungua mingine. Maziwa hufurika wakati wa mvua ndefu na kupungua wakati wa kiangazi. Kiwanda cha sukari nacho hutegemea miwa iliyopo mashambani. Mwaka 2023 viwanda vya magharibi viliamriwa kusitisha usagaji kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae. Mahitaji ya hewa yanayobadilika namna hii hayawezi kusimamiwa kwa vipimo vilivyopangwa siku ile mashine ilipofungwa na ambavyo hakuna aliyevigusa tangu hapo.

Vilevile kuna suala la kukatika kwa umeme. Mwaka 2025 serikali ilikiri hadharani kwamba baadhi ya maeneo hupunguziwa umeme saa za jioni kwa sababu mahitaji yamezidi uwezo. Umeme unaporudi, kompresa zisizoratibiwa huamka zote kwa pamoja, kila moja ikivuta mkondo mkubwa wa kuanzia. Viwanda vikubwa havilipi uniti pekee. Hutozwa pia kwa kilele cha matumizi yao katika mwezi, kinachopimwa kwa kVA. Kompresa nne zinazosukuma kwa nguvu zote kwa wakati mmoja, kujaza bomba lililoishiwa hewa, zaweza kuchangia kilele ambacho kiwanda kitakilipia hata kama siku zinazosalia zitakuwa shwari. Kidhibiti kikuu huziamsha moja baada ya nyingine, na mara nyingi hugundua kwamba ya nne haikuhitajika.

Ni kwa nini basi jambo lililo bayana hivi halifanywi kila mahali? Nadhani jibu halimo katika ufundi. Mhandisi wa zamu hafokewi kwa sababu bili ya umeme imekuwa kubwa. Bili huenda kwa mhasibu. Hufokewa pale laini ya uzalishaji inaposimama kwa kukosa hewa. Mtu aliye katika hali hiyo atawasha mashine zote na kupandisha shinikizo, kisha alale usingizi. Maadamu chumba cha kompresa hakina mita yake ya umeme, hapana atakayemuuliza swali, na yeye mwenyewe hatakuwa na la kujibu.

Sheria ilijaribu kuliziba pengo hilo. Kanuni za Usimamizi wa Kawi za mwaka 2012 ziliagiza vituo vinavyotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka vifanyiwe ukaguzi wa kawi kila baada ya miaka mitatu, na vitekeleze angalau nusu ya uokoaji uliopendekezwa na wakaguzi. Chama cha Watengenezaji Bidhaa nchini, KAM, kilikuwa kimetangulia: kilianza kutoa tuzo za usimamizi bora wa kawi mwaka 2004, na mwaka 2006 kikishirikiana na Wizara ya Kawi kikaanzisha kituo cha kusaidia viwanda kufanya ukaguzi huo. Mwaka 2020 serikali ikazindua mkakati wa kitaifa wa matumizi bora ya kawi. Karatasi kwa hivyo zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuzifuata hadi kwenye chumba chenye kelele, na udhaifu wa utaratibu huu ni kwamba ripoti ya mkaguzi yaweza kukubaliwa, ikapigwa muhuri, ikalazwa kabatini hadi mkaguzi mwingine aje miaka mitatu baadaye kuandika mambo yaleyale.

Bungoma ina sababu yake ya kulichukulia hili kwa uzito. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mjini Webuye, kilichoanza kazi mwaka 1974, kilifungwa mwaka 2009 kikiwa kimezongwa na madeni, la umeme likiwamo. Mji mzima ulinyong'onyea. Si haki kudai kwamba kompresa ndizo zilizokiangusha, kwani kiwanda kile kilikuwa na maradhi mengi. Hata hivyo wakazi wa Webuye hawahitaji kuelezwa maana ya kiwanda kushindwa kulipia umeme.

Kiwanda cha Nzoia nacho kimo katika kipindi cha mabadiliko. Mnamo Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari kwa wawekezaji wa kibinafsi kwa miaka 30, na Nzoia ikachukuliwa na West Kenya Sugar. Mjadala wa umma umekuwa juu ya mishahara ya wafanyakazi, malimbikizo ya wakulima na umiliki wa ardhi, na ni haki iwe hivyo. Lakini ukarabati wa kiwanda ndio wakati ambapo mabomba hufunguliwa na mitambo kubadilishwa. Kuna wanaosema kiwanda cha sukari hakina haja ya kubania umeme kwa kuwa hujizalishia kwa kuchoma makapi ya miwa. Hoja hiyo inasahau kwamba makapi yaliyookolewa yaweza kuzalisha umeme wa kuuzwa, jinsi Mumias ilivyofanya kuanzia 2009 kabla ya kusambaratika, na kwamba kiwanda kinapositisha kusaga hununua umeme kama jirani yake yeyote.

Fursa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo katika bustani za viwanda ambazo serikali kuu na kaunti zilianza kuzijenga kuanzia 2023, kwa mpango wa kila upande kutoa shilingi milioni 250. Bungoma na Trans Nzoia zimo katika mpango huo. Iwapo kila mpangaji atakayeingia, awe msindikaji wa maziwa, wa kahawa au wa mahindi, ataachiwa alete kompresa yake, kaunti itakuwa imejenga upya, kwa fedha za umma, fujo ileile iliyo katika viwanda vikongwe. Njia mbadala ni kituo kimoja cha hewa kwa bustani nzima: mashine tatu au nne chini ya kidhibiti kimoja, mabomba hadi mlangoni mwa kila mpangaji, na mita ya hewa kama ilivyo ya maji. Nchi zilizoendelea zimeufanya mtindo huu kuwa biashara, ambapo kampuni huuza hewa kwa ujazo na kubeba yenyewe hasara ya umeme unaopotea. Mfanyabiashara mdogo wa Sikhendu au Chwele asingelazimika kukopa kununua mashine ambayo ataitumia saa tatu kwa siku.

Zipo tahadhari mbili kwa atakayelifuata jambo hili. Kwanza, vidhibiti vingine huzungumza tu na kompresa za kampuni iliyovitengeneza. Chumba chenye Atlas Copco moja, Ingersoll Rand mbili na Kaeser ya mtumba kitahitaji kidhibiti kinachokubali zote, na hilo liandikwe katika zabuni kabla ya muuzaji kufika na katalogi yake. Pili, baadhi ya wasimamizi hutaka mashine zote zifanye saa sawa ili zichakae sawa. Usawa huo ni ghali: mashine inayotumia umeme kidogo kwa kila mita ya ujazo wa hewa itangulie, na kuukuu ibaki ya akiba.

Kabla ya yote hayo, matundu yazibwe. Katika viwanda visivyotunzwa vyema, uvujaji hula asilimia 20 hadi 30 ya hewa yote, na tundu la milimita tatu pekee katika bomba la bari 7 hutafuna umeme wa karibu kilowati nne usiku na mchana. Kuupima hakuhitaji mtaalamu kutoka Nairobi. Jumapili usiku, mitambo yote ikiwa imesimama, kompresa moja iachwe ikiwa imewashwa. Fundi aketi na saa na karatasi, aandike ni dakika ngapi inasukuma hewa na ni dakika ngapi inapumzika. Kwa kuwa hapana anayetumia hewa wakati huo, kila dakika ya kusukuma ni ya matundu. Ikisukuma dakika sita katika kila kumi, basi asilimia 60 ya uwezo wa mashine hiyo inaishia hewani, na Jumatatu asubuhi pana jambo la kuzungumza kabla ya kuagiza kompresa ya sita.